Waliovuka Bahari na Ujenzi wa Gusii: Zaidi ya Karne ya Kuvunjwa na Kusimama Tena

Novemba 5, 2024, wapiga kura wa eneo la 38A, kaskazini mwa jiji la Minneapolis, walimchagua Huldah Momanyi Hiltsley kuwa mwakilishi wao katika Bunge la jimbo la Minnesota, Marekani. Mama huyo alizaliwa Nyamira, akahamia ng'ambo na wazazi wake akiwa bado mtoto. Habari hiyo ilipofika Kisii na Nyamira, kaunti mbili za Gusii nchini Kenya, ilipokewa kwa vifijo, kana kwamba kiti hicho kilikuwa cha eneo bunge la Borabu au Kitutu Masaba.

Furaha hiyo ilikuwa na sababu. Katika nyumba nyingi za Gusii, ukimuuliza mzazi nani alilipa karo, nani alijenga nyumba ya matofali pale boma la nyasi lilipoungua, au nani aligharamia matibabu ya babu, utatajiwa mtu anayeishi Brooklyn Park, Dallas, Toronto au London. Wakisii wamekuwa wakienda mbali kwa zaidi ya miaka 100, na mara nyingi nyumbani kulipovunjwa na vita, moto au njaa ya fedha, waliokwenda mbali wameitwa kusaidia kujenga upya.

Makala haya yanafuata historia hiyo tangu bunduki za Waingereza hadi ghasia za 2008, na yanauliza swali linalowahusu wote wenye ndugu ughaibuni: kati ya yote yaliyoletwa nyumbani, ni yapi yaliyodumu?

Mji ulioanza kwa risasi

Septemba 1905, serikali ya kikoloni ilituma askari wa King's African Rifles pamoja na polisi kuiadhibu jamii ya Abagusii, yaani Wakisii. Wapiganaji walitoka na mikuki na ngao kukabili bunduki ya rashasha. Robert Foran, afisa wa polisi aliyekuwa katika kikosi hicho, baadaye aliandika jinsi vijana wale walivyoendelea kuja mbele huku wakiangushwa kwa mamia. Mifugo ilitekwa na vijiji vikachomwa.

Waingereza walirudi kuweka kituo cha utawala mahali palipoitwa Getembe, ambapo leo ni mji wa Kisii. Januari 1908, kijana Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki mkuu wa wilaya, Geoffry Northcote. Masimulizi ya Abagusii yanasema aliyemtia moyo ni Moraa wa Ng'iti, mama mganga na mtabiri aliyewakemea wanaume kwa kunyamaza wakati ng'ombe wanachukuliwa. Northcote alinusurika, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa. Askari walichoma nyumba, wakapora mali na kuua watu wengi kiasi kwamba Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, alipeleka simu ya maandishi kutoka London akihoji haja ya kuendelea kuwaua watu wasio na kinga kwa wingi namna hiyo.

Miaka sita baadaye vita vya wazungu wenyewe vikafika. Septemba 1914 kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kutoka Tanzania ya sasa na kuuteka mji wa Kisii. Septemba 12, askari wa King's African Rifles waliotoka upande wa ziwa waliwashambulia. Nahodha Thorneycroft aliyewaongoza aliuawa, lakini Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea mpakani. Wananchi walioona serikali imekimbia waliingia mjini, wakavunja ofisi, maduka na misheni. Walipata malipo machungu: Waingereza walirudi, wakatwaa ng'ombe kwa maelfu na kuwatia watu adabu.

Hivyo ndivyo karne ya 20 ilivyoanza Gusii. Katika muda wa chini ya miaka 10 jamii ilipoteza vijana, mifugo na uhuru wake. Ng'ombe ndio waliokuwa mahari, akiba na heshima ya boma, na kuwapoteza kulimaanisha vijana kushindwa kuoa na familia kukosa pa kuanzia.

Vibarua wa mwanzo na shule za mwanzo

Kujenga upya kulianza kwa mikono ya wenyeji. Abagusii walikuwa na egesangio, kundi la majirani, aghalabu wanawake, wanaopokezana kulimiana mashamba. Walikuwa pia na risaga, mwaliko wa kijiji kizima kufanya kazi kubwa kwa siku moja, mwenye shamba akiandaa chakula na pombe. Nyumba zilizochomwa zilisimamishwa tena kwa njia hizo.

Lakini kodi ya serikali ilidai fedha, na fedha zilikuwa mbali. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, hasa mwaka 1917, vijana wa Nyanza walikusanywa kwa nguvu kubeba mizigo ya jeshi katika Kariakoo, kikosi cha wapagazi (Carrier Corps). Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki hawakurudi makwao. Kuanzia miaka ya 1920, makampuni makubwa ya chai yalipofungua mashamba Kericho, njia ya kutoka Gusii kwenda kuchuma majani chai ikawa ya kawaida. Huyo kibarua wa Kericho ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza wa ughaibuni. Alirudi na shilingi chache, blanketi, na wazo kwamba mtoto wake asome.

Pa kusoma palikuwepo. Wamisionari Wakatoliki wa Mill Hill walikuwa wamefungua Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista wa Sabato wakafungua Nyanchwa muda mfupi baadaye. Misheni zilizovunjwa 1914 zilifunguliwa tena, na watoto wa waliozivunja wakaketi humo kujifunza kusoma. Mwaka 1934 ikaanzishwa Kisii School, ambayo ingezaa viongozi, walimu na madaktari wengi wa eneo hilo.

Katika muongo huohuo serikali iliruhusu Waafrika wa Kisii, Meru na Embu kupanda kahawa kwa majaribio, jambo lililokuwa limehifadhiwa kwa walowezi. Chifu Musa Nyandusi, baba yake mwanasiasa Simeon Nyachae, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kulipokea zao hilo. Kahawa, na baadaye chai na pareto, zililipa karo. Tangu hapo, mkulima wa Gusii aliyepata senti kwanza aliulizwa: mtoto wako yuko shule gani?

Ndege za 1959 na kizazi cha Harambee

Septemba 1959, ndege iliwabeba wanafunzi 81 kutoka Nairobi kwenda vyuo vya Marekani. Mpango huo uliongozwa na Tom Mboya pamoja na marafiki zake Wamarekani, na mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ukauongezea dola 100,000. Kufikia 1963, vijana wapatao 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamesafiri. Kenya ilikuwa inakaribia uhuru bila wahandisi, madaktari na wachumi wa kutosha, na Waingereza hawakuwa na haraka ya kuwafunza.

Gusii ilikuwa na wasomi wake katika kizazi hicho. Lawrence Sagini alisomea Chuo cha Allegheny, Pennsylvania, akarudi kuwa mbunge na waziri katika baraza la kwanza la mawaziri la Kenya huru. James Nyamweya alisomea sheria London, akarudi kuwa wakili na baadaye waziri. Zachary Onyonka alipata shahada ya uzamifu ya uchumi katika Chuo Kikuu cha Syracuse, akafundisha Nairobi, kisha akawa mbunge tangu 1969 hadi alipofariki 1996, akishika wizara kadhaa zikiwemo afya, elimu na mambo ya nje.

Tofauti kati ya kizazi hicho na waliofuata ni kwamba wao walirudi na kubaki. Walirudi kwa sababu nchi ilikuwa na nafasi: ofisi zilikuwa tupu, mishahara ilitosha, na jamii iliwasubiri. Elimu yao ikaungana na nguvu za wananchi. Katika miaka ya 1960 na 1970, Gusii ilijenga shule za Harambee kwa wingi. Mkulima alitoa kuku, mwalimu alitoa sehemu ya mshahara, waziri alitoa hundi mbele ya watu. Taasisi ya ufundi iliyoanza kwa michango katika miaka ya 1970, Gusii Institute of Technology, leo ni Kisii National Polytechnic. Chuo cha kufundisha walimu kilichofunguliwa 1965 kilikua hatua kwa hatua, kikawa tawi la Egerton, na Februari 2013 kikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kisii.

Taasisi hizo mbili zinafaa kuangaliwa kwa makini, kwa sababu hazikubeba jina la mfadhili mmoja. Zilikuwa na ardhi iliyotolewa kwa umma, bodi, vitabu vya hesabu na walimu walioajiriwa. Waliochanga wamekufa wengi, na bado wanafunzi wanaingia darasani kila Septemba.

Kahawa yaanguka, mpaka wawaka moto

Kisha mambo yakageuka. Julai 1989 makubaliano ya kimataifa ya kahawa yaliyokuwa yakigawa viwango vya mauzo yalivunjika, na bei ikaporomoka. Mkulima aliyekuwa akilipia watoto watatu shuleni akashindwa kumlipia mmoja. Wakati huohuo serikali, kwa masharti ya wakopeshaji wa kimataifa, ilipunguza ajira za umma. Muuguzi aliyehitimu alikaa nyumbani na cheti chake.

Kisha vita vikaja. Mapigano ya kikabila yaliyoanza Bonde la Ufa mwishoni mwa 1991, nchi ilipokuwa inarejea katika siasa za vyama vingi, yalifika mpaka wa Borabu na Sotik mwaka 1992. Borabu lilikuwa eneo la makazi lililogawiwa wakulima wakati wa uhuru, kutoka mashamba ya walowezi, likipakana na ardhi ya Wakipsigis. Mishale ilirushwa, nyumba zikachomwa, na familia zikahamia kwa jamaa ndani ya Nyamira na Kisii. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku iliripoti Septemba 1992 kwamba watu 779 walikuwa wameuawa kote nchini katika mapigano hayo, na ikawanyooshea kidole wanasiasa.

Shamba halikuwa na nafasi ya kuwapokea wote. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na Kisii ina karibu watu 1,000 katika kila kilomita ya mraba. Hata katika miaka ya 1990 mabonde yalikuwa yamejaa, na baba mwenye wana wanne aligawa ekari moja mara nne.

Mlango uliofunguka ulikuwa mbali. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1990 ilianzisha bahati nasibu ya viza, ile inayojulikana mitaani kama grin kadi, na viza za kwanza za mpango kamili zikatolewa 1995. Maombi yalipoanza kutumwa kwa intaneti, kwa miaka mingi vibanda vya intaneti mjini Kisii na Nyamira vilijaa vijana kuanzia Oktoba. Mpiga picha alitandika shuka jeupe ukutani, mwenye kibanda alijaza fomu kwa Kiingereza, na aliyeomba alikaa na karatasi ya nambari ya uthibitisho kwa miezi akisubiri matokeo.

Kwa nini Minnesota

Waliofika mwanzo, wengi wakiwa wanafunzi, walikaa Minnesota na kuwaita ndugu zao. Jimbo hilo lina sekta kubwa ya afya, vyuo vya jamii vyenye kozi za uuguzi, na wazee wengi wanaohitaji kutunzwa. Mwalimu wa hisabati kutoka Manga, au mhasibu aliyefutwa kazi Nairobi, alifika wakati wa baridi kali, akachukua kozi ya wiki chache, akaanza kuwaogesha na kuwalisha wazee katika makao yao. Baada ya hapo akasomea uuguzi usiku. Wengine wakaendelea hadi ngazi za juu za uuguzi, ufamasia, uhandisi na udaktari. Wapo pia waliofungua makao yao wenyewe ya kutunza wagonjwa na kuajiri wenzao.

Brooklyn Park na vitongoji vya jirani vikawa na maduka yanayouza unga wa ugali na mboga za kienyeji, na makanisa ya Kiadventista ambamo lugha ya Ekegusii husikika kila Sabato. Mtu anapofariki, ukumbi hujaa jioni, bahasha zinapitishwa, na mwili unasafirishwa kuzikwa nyumbani. Mzigo huo ulikuwa mzito zaidi mwaka 2020, wakati korona ilipoingia katika makao ya wazee ambako Wakenya wengi walikuwa wakifanya kazi.

Wataalamu hao hawakufuata njia ya kizazi cha Sagini na Onyonka. Walibaki huko. Wana nyumba ya mkopo, watoto wasiojua baridi ya Nyamira ya Julai, na leseni za kazi ambazo hazitambuliwi moja kwa moja Kenya. Walichoweza kurudisha nyumbani ni fedha, ujuzi wa wiki mbili za likizo, na sauti.

Fedha ndizo zilizotangulia. Kwa nchi nzima, Benki Kuu ya Kenya ilirekodi dola milioni 642 kutoka ughaibuni mwaka 2010. Mwaka 2024 zilikuwa karibu dola bilioni 4.95, zaidi ya nusu zikitoka Marekani. Hizo ni zaidi ya zinazoletwa na chai, kahawa au utalii kila kimoja peke yake. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, imewezesha fedha hizo kufika hadi mlango wa nyanya kijijini bila yeye kupanda gari.

Januari 2008

Mtihani mkubwa ulikuja baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na zaidi ya 600,000 wakafukuzwa makwao kabla ya mkataba wa amani uliosimamiwa na Kofi Annan kutiwa saini Februari 28, 2008.

Wakisii walifukuzwa Eldoret, Kuresoi, Molo na katika mashamba ya chai ya Kericho. Malori yaliwashusha Keroka, Kisii mjini na Nyamira wakiwa na magodoro na watoto. Mpakani, soko la Chebilat lilichomwa na nyumba za pande zote mbili zikateketea. Ukweli lazima usemwe: vijana wa Gusii pia, wakiwemo wa kundi la Chinkororo, walishika pinde na kuvuka kwenda kulipiza. Wajane wa Borabu na wajane wa Sotik walizika waume zao katika miezi ileile.

Waliofukuzwa hawakukaa sana kambini. Walichukuliwa na jamaa: ndugu, shemeji, kanisa. Huo ulikuwa utu, lakini uliwagharimu. Mpango wa serikali wa Rudi Nyumbani uliozinduliwa Mei 2008 ulitoa shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 kwa nyumba iliyochomwa, na waliokuwa wamejificha majumbani mwa jamaa walilalamika kwa miaka mingi kwamba hawakuhesabiwa.

Pengo hilo lilizibwa kwa kiasi kikubwa na ughaibuni. Simu zilipigwa usiku kucha. Dada aliyekuwa zamu ya usiku Minneapolis alituma fedha kabla ya kulala. Kaka wa Texas aliwalipia karo watoto wa binamu aliyepoteza duka Eldoret, na watoto hao wakajiunga na madarasa ya Kisii katikati ya muhula. Vikundi vya ukoo na makanisa vikachanga mabati, mablanketi na mbegu. Katika miaka iliyofuata, wauguzi na madaktari waliokuja likizo ya Desemba walifanya kliniki za siku chache viwanjani mwa shule na makanisa, wakipima shinikizo la damu na kisukari kwa watu ambao hawajawahi kupimwa.

Kilichodumu na kilichokwama

Hapa historia inatufundisha jambo, nasi hatuna budi kulisema waziwazi.

Chukua mfano wa mashine ya maabara iliyotolewa kwa nia njema na hospitali ya Marekani. Inapakiwa kwenye kontena, inapitia bandari ya Mombasa, inasubiri karatasi za msamaha wa ushuru, inafika Nyamira. Umeme wa Marekani ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde; wa Kenya ni volti 240 na mizunguko 50. Mashine ikichomekwa bila transfoma, inaweza kuungua siku ya kwanza. Ikiwa na transfoma, inahitaji kemikali ambazo haziuzwi Kisii. Kemikali zikipatikana, panahitajika fundi wa vifaa vya hospitali wa kuirekebisha, na vipuri. Kikikosekana kimoja, mashine inafunikwa kitambaa na kuachwa stoo. Mambo ni hayohayo kwa dawa. Tangu 1996 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda zinapofika, kwa sababu nchi nyingi zilipokea shehena za kutupa tu.

Daktari au muuguzi anayekuja kusaidia naye anahitaji kibali cha baraza la taaluma yake Kenya, hata kama ni mzaliwa wa Bonchari. Asiyeomba mapema hutumia nusu ya likizo yake katika ofisi za Nairobi. Na wagonjwa aliowapima shinikizo la damu wanahitaji vidonge kila siku ya maisha yao, si kwa wiki mbili tu. Kliniki ya Desemba isipowakabidhi wagonjwa wake kwa zahanati ya karibu, imewaachia hofu bila tiba.

Kilichodumu ni kile kilichopata mwenyewe wa hapa nyumbani. Mwanafunzi aliyelipiwa karo ni mwalimu leo. Darasa lililojengwa kwa makubaliano na bodi ya shule bado linatumika. Mkutano wa mtandaoni unaofanyika saa mbili usiku ya Jumamosi Minnesota, wakati wa baridi, ni saa kumi na moja alfajiri ya Jumapili Nyamira. Pale ambapo wazee, mwalimu mkuu na mweka hazina wa kijiji wameamka kushiriki, wakasoma hesabu kwa sauti na kuulizwa maswali, mradi umekwenda. Pale ambapo fedha zilitumwa kwa mtu mmoja, urafiki umevunjika na msingi wa jengo umeota nyasi.

Lugha pia imejengwa upya. Matunda Nyanchama, mtaalamu wa kompyuta aliyeishi Kanada, aliasisi kampuni ya uchapishaji ya Nsemia, ambayo imetoa vitabu kuhusu historia, lugha na utamaduni wa Abagusii. Kwa jamii ambayo vijana wake wengi wanakulia mijini na ng'ambo, kazi hiyo ni ya ujenzi sawa na ya zahanati.

Funzo kutoka Hargeisa

Huko Minnesota, Wakisii wanaishi jirani na jamii kubwa ya Wasomali, watu ambao vita viliivunja nchi yao yote. Tunaweza kujifunza kwao. Edna Adan Ismail, mkunga aliyefunzwa London na kufanya kazi katika Shirika la Afya Duniani, alirudi Hargeisa, mji uliobomolewa kwa mabomu mwaka 1988. Kwa pensheni yake na mali aliyouza, alijenga hospitali ya uzazi iliyofunguliwa Machi 2002. Lakini kilichoipa nguvu hospitali hiyo ni chuo kilichofunguliwa ndani yake. Wakunga waliofunzwa pale wametawanyika mikoani, na kila mmoja anafanya kazi ambayo Edna peke yake asingeweza.

Umoja wa Mataifa ulilitambua jambo hilo mapema. Mwaka 1977 ulianzisha mpango wa kuwarejesha wataalamu kwa muda mfupi wafundishe makwao, na mwaka 2001 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji likaanzisha mpango kama huo kwa Afrika. Nchi zilizofaidika ni zile zilizomwambia mtaalamu: tunataka ufundishe somo hili, kwa watu hawa, katika taasisi hii, kisha urudi tena mwakani.

Sasa nafasi ipo

Katiba ya 2010 ilimruhusu Mkenya wa kuzaliwa kubaki na uraia wake hata akichukua wa nchi nyingine. Mwaka 2013 huduma za afya zilikabidhiwa kaunti, kwa hiyo uamuzi kuhusu hospitali ya Nyamira au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii haungoji tena Nairobi kwa kila jambo. Tangu 2022 kuna idara ya serikali inayoshughulikia Wakenya wa ughaibuni. Vizazi vilivyotangulia havikuwa na milango hiyo.

Kaunti hizi mbili zinapaswa kuweka daftari la wataalamu wao walio ng'ambo na ujuzi wa kila mmoja, na kutangaza mwanzoni mwa mwaka mahitaji yao: muuguzi wa figo wa kufundisha wenzake, fundi wa vifaa vya hospitali, mhandisi wa maji. Chuo Kikuu cha Kisii na ile polytechnic iliyozaliwa na Harambee ndizo nyumba za kuwapokea wafundishe. Kibali cha kazi kishughulikiwe kabla mgeni hajakata tiketi.

Mpaka wa Borabu na Sotik nao usisahauliwe. Fedha za ughaibuni zikijenga upande mmoja tu, zinaweka kuni za moto ujao. Kisima, soko au karakana inayotumiwa na Mkisii na Mkipsigis kwa pamoja, chini ya kamati ya pande zote mbili, ni kinga bora kuliko ua wa chuma. Wana wa jamii hizo mbili wanaofanya kazi pamoja ng'ambo wanaweza kuchangia kitu kimoja nyumbani.

Kwa ndugu zetu mlio mbali: mmetubeba, nasi tunashukuru. Kabla ya kutuma kontena, ulizeni zahanati inahitaji nini. Kabla ya kutuma fedha, ombeni kamati, akaunti ya benki yenye saini tatu na taarifa ya hesabu. Mkija likizo, fundisheni mtu mmoja kazi mnayoijua, na mwakani mje kumuuliza amefundisha wangapi.

Na kwetu tuliobaki nyumbani, wajibu ni mkubwa zaidi. Wazee waliochomewa nyumba 1905 na 1908 walizijenga tena kwa risaga, bila kusubiri hundi ya mtu yeyote. Msaada wa ughaibuni utadumu pale tu utakapotukuta tayari tumeanza kazi.